Mshenga Wangu wa Marekani

Sijawahi kumjua mtu mwingine aliyeenda kuomba chuo cha Marekani na mshenga. Wenzangu wote walienda na vyeti.

Tulikuwaga tunakaa Tandale, enzi za Ujamaa, enzi ambazo ukisema "mie" mara mbili mkutanoni unaangaliwa kama bepari. Baba alikuwa mchonga vinyago, katoka kusini na patasi zake na hasira zake. Mie nilikuwa Form Five, wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika huko, na kwa jinsi baba alivyokuwa ananitangaza kwa wateja, ungedhani mie ndo kinyago chake kilichotoka vizuri kuliko vyote.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana wa Kimarekani mwenye miguu mirefu kama ngazi, akaniambia kuna chuo kikubwa kwao kinachukua wanafunzi wa nje na kinawalipia kila kitu. Akanielekeza kwa mama mmoja wa hukohuko kwao, anakaa Osterbei, kasoma chuo hichohicho. Huyo mama ndo alikuwa anawahoji waombaji wa hapa, kisha anapeleka maoni yake. Nikamuuliza mwalimu, nafasi ni ngapi? Akajikuna kidevu. Akasema wanaoomba ni wengi mno, wanaochukuliwa ni wachache, na sie wa kutoka nje ndo wachache zaidi, maana fungu la kutusomesha ni dogo. Kwa upande wetu huu wote wa Afrika huenda wakachukua mmoja, huenda wasichukue hata huyo.

Nikafurahi sana. Mmoja alinitosha kabisa, maana na mie nilikuwa mmoja.

Tatizo ni kwamba mwalimu alisema, nenda kajieleze, sema uzuri wako. Hapo nikakwama. Kwetu mtu hajisifu. Ukitaka mke huendi mwenyewe kwa wakwe kusema mie mchapakazi, mie sinywi pombe, watakufukuza. Unatuma mshenga, mtu wa maneno, akusifie huku wewe uko kwenu unameza mate. Sasa kama kwa mke tu ni hivyo, itakuwa Marekani? Nikatafuta mshenga.

Sikwenda mbali. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa kijana aliyekwishamaliza Form Six, ana kazi ya ofisini mjini, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Wao watu wa bara, baba yake karani, na watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani toka kwa mababu. Tulikuwa tunataniana mpaka majirani wanaacha kupika. Akija kwetu anaondoka na sufuria ya wali, mama anacheka. Mie nikienda kwao natoka nimevaa viatu vya baba yake, baba yake anacheka. Mtani hakasirikiwi, ndo sheria.

Tena alikuwa anajua mambo yangu yote, hasa darasa. Lile darasa nilianzisha mie, jioni, nyuma ya soko. Nilikuwa nawafundisha kusoma na kuandika akina mama wauza mboga na wapagazi wa magunia, ubao wangu ni mlango mbovu nilioupaka masizi. Mtani wangu alikuja kuangalia mara mbili. Mara ya pili alilala juu ya magunia ya viazi hadi tulipomwamsha.

Siku ya mahojiano tukaenda wawili. Yule mama akashangaa kidogo, lakini akatupa chai barazani. Nikamwambia huyu ndugu yangu, kanisindikiza. Basi kila aliponiuliza nimefanya nini, mie najibu "sisi". Sisi tulilima shamba la shule. Sisi tulianzisha darasa. Akasema sawa, lakini wewe mwenyewe? Nikasema tulishirikiana, macho yangu chini, adabu tupu.

Ndo mshenga akaingia kazini. Jamani, yule mtu alinisifia mpaka nikatamani kujioa.

Njiani wakati wa kurudi aliniuliza swali moja tu, kama kweli watachukua mmoja. Nikamwambia ndo hivyo. Toka hapo akawa anapiga teke kijiwe kimoja mpaka tunaingia Kinondoni. Nikadhani kachoka kusifia.

Miezi ikapita, sijasikia kitu. Nikavaa shati langu la kutokea, nikarudi Osterbei mwenyewe. Yule mama akanipokea kwa furaha kweli. Akanipa mkono, akanipa na chai.

"Nadhani umekuja kwa ajili ya rafiki yako," akasema. "Amepata. Yule aliyeanzisha darasa la akina mama sokoni."

Akanieleza bila kinyongo, kama mtu anayenipa habari nzuri. Kumbe mtani wangu alirudi pale peke yake, akaomba na yeye, akahojiwa upya, akasema siku ile alinipamba tu kwa urafiki. Safari hii hakukuwa na "sisi". Ubao wa mlango ulikuwa wake, masizi yake, na akina mama wake. Mie nilikuwa nimo pia kwenye hadithi, asinionee mtu huruma. Nilikuwa kijana mzuri aliyekuwa anamsaidia kufuta ubao.

Nilitaka kusema. Chai ikanipalia. Nilipomaliza kukohoa, yule mama alikuwa ameshafika kwenye habari za makoti ya baridi.

Nikamkuta mtani kwao uani, anapiga pasi ya mkaa.

"Umemwambia darasa ni lako?"

"Si wewe ulisema sisi?"

"Wewe ulikuwa unalala kwenye viazi."

"Ungesema basi. Tulikaa wote pale, mdomo unao." Akageuza kola, akaipiga pasi upande wa pili. "Wanachukua mmoja, mtani. Ungekuwa wewe, ungeniachia?"

Nisingemwachia. Lakini kuna kutokumwachia mtu na kuna kumwibia, na mie mpaka leo naona njia hizo mbili haziendi mji mmoja. Yeye aliona ni njia ileile. Akanionesha mlangoni ndoo ya maji, akaniambia kama nimekasirika ninawe uso.

Baba sikumwambia. Ningeanzaje? Shule nayo ikanitoka moyoni. Mwalimu anafundisha, mie naangalia nje dirishani. Form Six niliisikia tu kwa wenzangu. Baadaye nikaishia kiwandani Wazo, napakia mifuko ya saruji, narudi nyumbani mweupe kama mzuka, na watoto wa mtaani walinishangilia wakisema Mzungu huyo.

Ila kabla ya hapo lilikuwepo jambo la pasipoti. Ili mtani aipate ilibidi balozi wetu wa nyumba kumi, kiongozi wa chama pale mtaani, amthibitishe kuwa ni mtu mwema, na balozi wetu hakuwa mtu wa kuthibitisha kimyakimya. Jumapili akatuita wote kwake. Wakaja majirani, wakaja na akina mama wa darasani, baba akakaa mbele. Balozi akamsifu kijana wetu anayekwenda kusoma Marekani, akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama.

"Shikamoo balozi. Mie ninalo neno. Hiyo safari ni yangu. Darasa ni langu, na huyu ni mwizi."

Watu wakageuka kuniangalia. Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Mtani huyo, kashaanza." Nyumba nzima ikacheka.

Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi, maana ndivyo nilivyokuwa naanzaga siku zote. Mmoja akapendekeza nilipwe kuku ndo nimruhusu kuondoka. Balozi alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Nikamwangalia baba, nikidhani walau yeye atausoma uso wangu. Baba alicheka mpaka akakohoa, akanipungia mkono nikae, nimemaliza. Mtani wangu na yeye alicheka, kwa sauti kuliko wote, anaangalia viatu vyake.

"Hana baya huyu," balozi akasema, akagonga muhuri.

Nikakaa. Mama wa darasani aliyekuwa pembeni yangu akaniegemea begani, bado anahema kwa kicheko, akaniuliza jioni ile tunasoma au hatusomi.

Nikamwambia hatusomi tena.

Akacheka.