"Shangazi Ananifunga"

"Usiniambie nitulie! Mtoto wa miaka mitatu hawezi kujitungia neno kama hilo."

Ni saa moja na nusu asubuhi, mlangoni mwa chumba cha wadogo katika shule ya chekechea. Mama, fundi cherehani ambaye tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, ameuinua mkono wa bintiye kama mtu anayeonyesha ushahidi mahakamani. Kwenye kifundo cha mkono kuna alama nyekundu iliyozunguka kama bangili.

"Jana namwogesha, namuuliza, nani kakufanya hivi? Ananijibu, 'Shangazi ananifunga.' Kila siku! Haya, nieleze. Unamfunga kwenye nini? Kiti? Meza?"

Anayeulizwa ana miaka arobaini na saba, na watoto, wazazi, hata mpishi wa shule humwita Shangazi. Amembeba mtoto mwingine anayelia, na bega lake la kulia limelowa machozi na kamasi. Anamhamishia bega la kushoto kwanza.

"Mama Kidoti, ingia ndani tuzungumze."

"Nitazungumzia hapa hapa, wazazi wenzangu wasikie."

Hii ni wiki ya tatu tangu watoto kumi na wanane waingie chumba hiki, chenye walezi wawili tu. Shangazi amefanya kazi hii kwa miaka kumi na moja. "Wiki ya kwanza wanalia wote," anasema. "Ya pili wanalia kwa zamu. Ya tatu wanaanza wazazi."

Leo hana hamu ya utani. Mwaka jana wazazi wawili waliwaondoa watoto wao baada ya kulalamika, na mkuu wa shule alimwambia wazi: mtoto wa tatu akiondolewa, yeye atahamishiwa jikoni. Mama Kidoti amekuja kumchukua mwanawe, na mfuko wa kubebea vitu vyake anao kwapani.

"Na hilo dirisha," anaendelea. "Mmelipaka rangi nyeupe mpaka juu. Mnaficha nini?"

"Ni agizo la mkuu. Watoto wakiwaona mnaondoka, chumba kizima kinalipuka."

"Majibu unayo, naona. Umeyapanga."

Wakati wakubwa wanabishana, Kidoti anajichomoa mkononi mwa mama yake. Anakwenda kwenye msumari wake wa kutundikia begi, wenye picha ya kijiko, anachomoa kitambaa cha kijani kwenye begi, anarudi na kunyoosha mkono.

"Shangazi, nifunge."

Mama anakikodolea macho kile kitambaa.

"Huo si mtandio wangu?"

"Ni kipande chake."

"Umeupata wapi?"

"Alileta baba yake. Siku ya kumwandikisha nilimwomba nguo ya mama. Iliyovaliwa, isiyofuliwa."

"Isiyofuliwa!" Mama anarudi hatua moja nyuma. "Dada, nguo ya mtu haiombwi hivi hivi. Ya kufanyia nini?"

"Ina harufu yako. Akikukumbuka anaiweka puani, anatulia. Kila mtoto hapa ana chake."

Kweli, ndani ya chumba kila mkono mdogo una kitambaa. Mmoja amekitia mdomoni kabisa.

"Na baba yake akaniambia mtandio umechukuliwa na upepo," mama anasema polepole. "Huyo tutamalizana nyumbani. Alama je?"

"Hilo ni kosa langu," Shangazi anakubali. "Siku ya kwanza fundo lilifunguka, kitambaa kikapotea chini ya kabati. Alilia mpaka chakula cha mchana. Tangu hapo napiga mafundo mawili, na nimekaza mno. Nisamehe."

Fundi anaushika mkono wa bintiye. Anachuchumaa, anakifunga kitambaa yeye mwenyewe, kisha anapenyeza kidole kati ya nguo na ngozi.

"Kidole kikipita, imetosha. Kisipopita, umemnyonga. Sare nashona hivyo hivyo."

"Nimeelewa."

"Umeelewa mbele yangu. Nikigeuka je? Nitakuona wapi, nyuma ya rangi?"

Shangazi anaangalia dirisha. Anamkabidhi mwenzake mtoto aliyembeba, kisha anaununua ugomvi mwingine kwa swali moja.

"Una wembe?"

"Fundi atakosaje wembe?"

Anaufungua kutoka kwenye karatasi yake na kumpa. Shangazi, kwa ufupi wake, anapanda kwenye kigoda, anapima kwa kiganja urefu wa macho ya mtu mzima, juu sana kwa mtoto yeyote wa chumba hiki, na kuanza kukwangua. Rangi inadondoka sakafuni kama maganda ya yai.

"Mkuu atasema nini?" mlezi mwenzake ananong'ona.

"Ataniambia nikimaliza."

Tundu linafikia upana wa kifuniko cha chupa. Mama amekwishatoka nje. Hakuaga, na mfuko wake mtupu ameondoka nao.

Jicho moja linatokea kwenye kioo.

"Bado sijakuamini!" sauti inapenya.

"Sijakuomba uniamini. Angalia!"

Hatua chache kutoka dirishani Kidoti amekaa sakafuni, mkono puani, anamsukumia mwenzake gari lisilo na magurudumu. Jicho halijaondoka. Shangazi anasogeza kigoda kwenye kioo cha pili, cha mzazi atakayefuata, anapima tena kwa kiganja, na kuanza kukwangua.