Mkojo wa Saa Ishirini na Nne

Katika wodi ya figo za watoto, sista mkuu aliitwa Mama Mkojo, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka ishirini na miwili alipima mkojo wa watoto kwa jagi lenye mistari na kuuandika kwenye chati. Mtoto ambaye figo zake ziligoma akitoa hata kijiko kimoja, Mama Mkojo alipiga vigelegele na wodi nzima ikaitikia. Nyumbani mumewe alimkataza kusimulia kazi yake wakati wa kula. Alisimulia vilevile.

Kilichomuudhi ni madaktari wanafunzi. Kila mwezi aliletewa mmoja, akamfunda, akamsifia, na mwezi ukiisha huyo anaaga kwa adabu zote na kukimbilia moyo, au ngozi, maana ngozi haimwamshi mtu usiku. Figo za watoto, walisema, masomo marefu na sifa haba. Sasa daktari bingwa wa pekee alikuwa anastaafu, na uongozi ulishasema: asipopatikana hata mmoja wa kujiandikisha kusomea kazi yake, wodi itafungwa na watoto watapelekwa mji mwingine, safari ya siku nzima. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa Ijumaa.

Mwanafunzi wa mwezi huo alikuwa binti mwenye raba nyeupe pe, wodi ikamwita Viatu. Alikuwa mchapakazi, lakini naye alitaka moyo.

"Moyo unausikia ukidunda, Mama. Figo haisemi kitu."

"Inasema, mwanangu. Wewe tu huinami. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Jumatano asubuhi Viatu akainama kweli. Chini ya kitanda cha msichana wa miaka saba, aliyevimba uso, akaona dumu la mkojo. Akaona ni uchafu, akalimwaga chooni na kulisuuza likang'aa. Mkojo ule ulikuwa umekusanywa tangu jana yake saa tatu asubuhi, wote bila kupoteza tone, ili ijulikane kama dawa zimezuia figo zisivujishe protini. Ilibaki nusu saa tu.

"Dokta amemwaga mkojo wangu!" mtoto akaangua kilio.

Mama Mkojo alihisi hasira ikimpanda hadi utosini. Halafu akamwona Viatu ameshika dumu tupu, akashindwa kujizuia, akacheka.

"Maji yakimwagika hayazoleki, na mkojo huu ndio kabisa. Tunaanza upya. Mlinzi wa dumu ni wewe."

Viatu akashinda na jagi mkononi. Mtoto akienda chooni, yupo nyuma yake. Mtoto akinywa maji, anaandika. Walicheza karata, wakabishana, na kufikia jioni alijua kwamba mtoto huyo akianza kuimba ujue amebanwa. Alhamisi saa tatu dumu likaenda maabara. Majibu yaliporudi mchana, Viatu alipiga hesabu mara tatu. Protini ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Akapiga kigelegele kibovu kuliko vyote vilivyowahi kusikika pale, watoto wakavunjika mbavu.

Mama Mkojo alifurahi, ila hakujidanganya. Wangapi walishafurahi humo wakaondoka?

Ijumaa Viatu alikuja na fomu yake.

"Mama, hapa wameuliza sababu ya kuchagua. Niandike nini?"

"Kuchagua moyo? Utajua mwenyewe."

"Soma basi."

Akasoma. Figo za watoto. Akasoma tena, miwani ikamfanyia ukungu. Alilia mbele ya watu, wala hakujificha.

"Andika ukweli, mwanangu," alisema huku akipangusa miwani.

Viatu akaandika: "Nilimwaga mkojo wa mgonjwa, nikabaki kusubiri mwingine."

Kitandani mtoto akaanza kuimba. Mama Mkojo aliinama kuchukua jagi mvunguni, lakini Viatu alikuwa ameshalishika.