Mchunga Panya wa Bariadi

Msukuma huheshimiwa kwa ng'ombe wake, basi fikiria vicheko vya watu Mahona wa Nkololo alipokwenda Bariadi mjini kuajiriwa kuchunga panya. Wangejua wasingecheka. Ng'ombe wake walikwisha mnadani, mmoja baada ya mwingine, akimtibu mkewe Wilhelmina, mgonjwa wa kisukari. Siku hizo dawa ya hospitali ilikuwa ya kununua, na hata mwenye fedha mara nyingi aliambiwa imekwisha.

Panya walifugwa katika ghala la pamba lililobaki tupu ushirika ulipolala na wanunuzi binafsi kuingia. Kasmiri, mtafiti kijana kutoka chuo kikuu, aliwalisha mafuta na sukari mpaka wakanenepa na miili yao ikaacha kuitii insulini, ile inayoshusha sukari ya damu. Kisha nusu yao akawapa dawa mpya ambayo haikuwa hata na jina, namba tu.

Mahona alipokiona chakula kile, moyo ulimlipuka. Wanunuzi walipoanza kushindania pamba yake, yeye naye alijaza nyumba mafuta, sukari na soda. Wilhelmina akanona, mawifi wakasifu kwamba kaka yao anajua kutunza mke. Kumbe huenda alikuwa akimlisha maradhi kwa mkono wake mwenyewe! Jambo hilo lilimtesa kuliko umaskini.

Kila jioni alimpelekea habari mkewe, ambaye macho yake yalikwisha kufifia.

"Wanaopewa dawa wamechangamka, Mama Salu. Sukari yao inashuka."

"Mungu ni mwema. Na zamu yetu itafika."

Maskini Mahona, hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba zamu hiyo huenda isifike.

Utafiti ulipokwisha, Kasmiri aliwaua panya wote, wazima kwa wagonjwa, ili achunguze maini yao. Akamwambia Mahona achome mizoga shimoni, pamoja na dawa iliyobaki.

"Daktari, nakuomba. Hiyo kidogo nimpelekee mke wangu."

"Mzee Mahona, haijajaribiwa kwa binadamu. Inaweza kumuua."

"Si anakufa hata hivyo?"

Kasmiri hakuwa katili, machozi yalimlengalenga. Lakini hakubanduka pale mpaka chupa ya mwisho ilipopasuka motoni, na aliyezitupa zote ni Mahona. Mimi ningeficha moja kwenye koti, lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa mbali na shimo.

Alipofika nyumbani, mkewe alimsikia mlangoni, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Baba Salu. Unanuka moshi. Mmechoma nini?"

"Panya."

"Wale wagonjwa?"

Mahona alikaa kwenye kigoda. Alitafuta uongo, akaukosa.

"Wote."

Wilhelmina akauliza taratibu:

"Hata waliopona?"