Bibi wa Kisimani

Enzi zetu sie, gemu haikuwa na habari ya kukuonesha njia. Ukiwasha, unajikuta umesimama katikati ya kijiji cha watu wasio na pua, halafu shauri yako. Hakuna mshale, hakuna ramani, hakuna sauti ya dada mpole ya kukuambia geuka kushoto. Na kwetu Tandika shughuli ilikuwa pevu zaidi, maana kaseti yetu ya gemu ilikuwa ya Kijapani tupu, mwanzo mpaka mwisho. Mjomba alituletea pamoja na mashine yake na TV ya mtumba yenye kisogo kirefu, na hakuna aliyeuliza nani atasoma yale maandishi. Tulishangilia tu.

Wenye gemu tulikuwa wawili, mie na dada yangu Tunu. Yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo pedi ya kuchezea ilikuwa yake. Mie kazi yangu ilikuwa kupuliza vumbi kwenye kaseti na kuchungulia dirishani kama mama anarudi. Tukitoka madrasa jioni, sebule inajaa watoto wa mtaa mzima, ndala zimerundikana mlangoni, huyu ana mhogo wa kukaanga na pilipili, yule ananyonya barafu ya ukwaju inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mama akikuta hali hiyo alikuwa na maneno yake: "Hiyo TV ikipasuka, mnitafutie na nyumba ya kuhamia." Lakini hakuwahi kumfukuza mtoto wa mtu.

Gemu yenyewe ilikuwa ya zile za safari. Kijana na dada yake wanatoka kijijini kwenda kwenye ngome ya mfalme mbaya. Njiani wanakutana na madubwana, mnapigana kwa zamu, nyie mnapiga, wao wanapiga, na kila mkishinda mnaongezeka nguvu. Sie tulishaamua kwamba yule kijana ni mie na yule dada mwenye fimbo ni Tunu. Ngome tulikuwa tunaiona kabisa ng'ambo ya mto. Shida ilikuwa mwenye kivuko. Ukimfuata, anatikisa kichwa. Ukizunguka ukamrudia, anatikisa kichwa. Tumemkosea nini, hatukujua.

Sasa, pale kijijini kulikuwa na bibi mmoja amekaa peke yake kando ya kisima. Macho mekundu, paka mweusi miguuni. Mama alitukazia sana adabu kwa watu wazima, alikuwaga anasema, "Ukimpita mkubwa bila shikamoo, habari nitazipata kabla hujafika nyumbani." Na kweli alikuwa anazipata, sijui kwa njia gani. Basi Tunu akasema huyu naye ni mtu mzima, tukamsalimie. Akamsogelea. Kidole kiko njiani kwenda kwenye kitufe, paa! Giza. Umeme umekatika Tandika nzima.

Yaani tulitoka mle ndani mbio hatukuangaliana usoni. Kuna mtoto aliacha ndala zake mpaka kesho yake, akamtuma mdogo wake kuzifuata. Nje, Tunu akatoa hukumu mkono kiunoni: "Yule si bibi. Yule ni mchawi. Kajua tunataka kumgusa." Nani abishe? Mgao wa umeme tulikuwa tunaujua vizuri, tunauimbia mpaka nyimbo, lakini siku ile hakuna aliyeukumbuka. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba, ukipita kisimani unapita mbali, na uso unatazama pembeni.

Kuhusu mwenye kivuko, tuliamua kwamba anatuona wanyonge. Dawa yake ni kuongeza nguvu. Tukaingia kwenye mabwawa ya nje ya kijiji tukapiga vyura likizo nzima. Vyura, vyura, vyura! Mashine tukawa hatuizimi, kwa sababu ukizima unaanza upya, na ile taa yake nyekundu tuliifunika na kitenge mama asiione. Ila mama akija kupiga pasi anachomoa waya bila hata kuuliza, mashujaa wote wanakufa kwa ajili ya kanzu za madrasa. Kesho yake tunarudi kwa vyura. Tulikuwa tunapata nguvu za kutisha, na mzee wa kivuko akituona, kichwa kile kile. Mwisho panya wakala nyaya za mashine, ikafa, mto haujavukwa.

Leo mie nakaa Kigamboni, mvi zimeanza kuchungulia. Tunu yuko Mbezi Beach. Jiji moja, lakini tunaonana kwenye harusi na misiba, tunaulizana hali juu ya sahani ya pilau, kila mtu anarudi kwake. Neno moja tu limebaki letu. Siku yake ikiwa mbaya ananitumia ujumbe, "Mudi, leo nimepiga vyura tu," na mie naelewa.

Binti yangu Nasra ni mtu wa gemu za kisasa, na mie huwa nakaa naye tunacheza. Nzuri, sikatai. Majani yanapepea, farasi ukimpigia mluzi anakuja, watu wana pua na makunyanzi juu. Ila mshale haukosi, unakushika mkono kutoka mlangoni mpaka kwa adui, na ukikosea gemu inakubembeleza. Watoto wa siku hizi wanalelewa na mashine. Hata shikamoo ya Nasra hutoka macho yakiwa kwenye simu, "kamoo," nusu nyingine imebaki mdomoni.

Juzijuzi napekua gemu za kununua kwenye mashine yake, nikaiona. Ile ile! Imetolewa tena, safari hii kwa Kiingereza. Nilipiga ukelele mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko. Nikajua papo hapo ninachotaka: kuvuka ule mto, na Tunu awepo. Bila yeye sivuki, bora ubaki. Nikampigia. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Una wazimu wewe. Nakuja Jumapili." Tunu huyo, ambaye kwake Kigamboni ni mbali kuliko Dodoma!

Jumapili akaja na maandazi yake, akavua viatu, akakaa mkekani. Tukamkabidhi Nasra pedi, maana Kiingereza chetu mie na Tunu ni cha kuombea maji. Roho ilikuwa juu. Mtoto akichoka mapema, mambo yetu yameishia hapo. Na alianza vibaya.

"Baba, mshale uko wapi?"

"Hakuna mshale."

"Mbona hawana pua?"

"Tembea tu, mwanangu."

Akavuta mdomo. Lakini chura wa kwanza akamshinda, na Nasra hapendi kushindwa. Akakaa sawa. Muda si mrefu akawa anaingia nyumba moja baada ya nyingine, anaongea na kila aliyemo, anachungulia mpaka kwenye vyungu. Tunu akaniuliza, "Huyu mbona anapiga hodi kila mlango?"

"Shangazi, kwenye gemu lazima uongee na kila mtu," Nasra akajibu bila kugeuka. "Hata hizi mpya ziko hivyo." Huku anaelekea kisimani.

"Usimguse huyo!" Mie na Tunu, kwa pamoja.

Nasra akageuka. "Kwa nini?"

"Mchawi," Tunu akasema.

"Alikata umeme," nikaongezea.

Mtoto akatutazama kwa zamu, kwa huruma hasa. "Baba. Si ulikuwa mgao tu?"

Akabonyeza. Nakiri niliangalia taa ya sebuleni, na Tunu pia aliangalia. Ikabaki inawaka. Maandishi yakatokea, Nasra akawa anatafsiri polepole: "Anasema, kila siku mnapita hapa. Nilikuwa nasubiri mtu anisalimie." Bibi akawapa kengele. Mwenye kivuko ni mwanawe, na havushi mtu ambaye mama yake hajampa kengele ile.

"Vyura wote wale, Mudi!" Tunu akasema. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, anafuta machozi na mtandio, na mie mbavu hazina hali. Halafu akamtazama Nasra. Sie tuliokua na shikamoo mdomoni, tunaowasema watoto kila siku kuwa hawana adabu, ndio tuliomgeuzia uso bibi wa watu likizo nzima. Na huyu wa "kamoo" ndiye aliyesimama.

Enzi zetu zilikuwa tamu, sidanganyi mtu. Pedi ilikuwa moja na mtaa mzima unaigombea. Nasra ana pedi mbili, na siku nyingi ya pili inakaa juu ya kabati kwa kukosa mtu wa kuishika. Nikiukumbuka ule mrundo wa ndala mlangoni kwa mama, roho inaniuma kidogo. Jumapili ile angalau viatu vya dada yangu vilikuwepo.

Nasra akapiga kengele. Mzee wa kivuko hakutikisa kichwa. Tukavuka, Tunu kanishika mkono kwa nguvu kama tunavuka kweli. Ng'ambo tukakuta kijiji kingine, na kando ya njia bibi mwingine amekaa peke yake. Nasra alishaanza kumwendea, shangazi yake akanyoosha mkono. "Lete pedi hapa." Akajitanda vizuri mtandio wake, akamsogelea yule bibi taratibu, na kabla hajabonyeza kitufe akasema kwa sauti, "Shikamoo, bibi."