Udongo wa Bibi Kwenye Ukuta wa Ndiva

Jumamosi moja ya Julai, mwaka 2019, bomba kubwa lilipasuka hapa ughaibuni, kwenye apatimenti zetu Lewisville, tukakaa bila maji kutwa nzima. Watu wakaanza kutoka na ndoo na sufuria kwenda kuchota ya bwawa la kuogelea, angalau wapate ya kumwaga chooni. Mjukuu wangu akalalamika kwa Kiingereza chake kwamba haya sasa ni mateso. Jirani yetu wa juu, nesi Mkenya, akacheka, akaniuliza huko kwetu milimani tulikuwa tunapata maji aje. Aliuliza kwa utani tu, maskini, lakini alikuwa amenigusa penyewe. Nilivuta kiti nikamweleza mpaka chai yake ikapoa. Na wewe, rafiki yangu, keti nikueleze.

Mimi ni Mpare, na sioni haya kusema. Watu hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Haya, na watanie. Nililelewa na bibi yangu, mama mzazi wa baba, kwenye nyumba ya udongo juu kabisa mlimani, miaka michache baada ya Uhuru. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kung'ata vidole na ukungu mpaka mlangoni. Niliamshwa na mchi wa jirani akitwanga, nikapewa makande ya jana yaliyopashwa moto, halafu nikaenda kukata majani ya mbuzi kabla ya shule. Bibi hakupenda mtoto anayeburura miguu. Nikinuna alikuwa na neno lake moja tu: lisilobudi hutendwa.

Kijito chetu kilikuwa na maji kidogo. Kwa hiyo wazee wa zamani walichimba bwawa dogo lenye ukuta wa mawe na udongo, nalo ndilo tulilokuwa tukiliita ndiva. Usiku ndiva ilijaa. Asubuhi gogo la mgomba lililoziba tundu lilichomolewa, na maji yakateremka kwenye mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Kuipata zamu kulikuwa na sharti. Kila mwaka ukuta ulivuja, na kila mwaka baragumu lililia kuita msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe lake. Nyumba isiyotoa mtu haikupata maji.

Na mtu maana yake ilikuwa mwanamume. Ilikuwa mwiko mwanamke kukanyaga ukuta wa ndiva. Walisema utavuja. Eti utavuja, na ulikuwa unavuja kila mwaka bila mwanamke kuusogelea!

Mwaka ninaokuambia nilikuwa msichana wa miaka kumi. Babu alikwishafariki. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge kule chini, akatuma salamu kwamba mnyapara amemnyima ruhusa. Mahindi yetu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na jua lilikuwa kali. Bila zamu yasingebeba hata punje, na hatukuwa na chakula kingine cha kutufikisha msimu mwingine. Siku mbili bibi alizunguka shambani akiyapima mahindi kwa macho. Siku ya tatu akaniambia nimfuate machimboni.

Bibi alikuwa mfinyanzi, na machimbo ya udongo yalikuwa ya wanawake peke yao. Huko nako kulikuwa na mwiko: mwanamume akifika, vyungu vyote vitapasuka motoni. Tulichimba ule udongo mweusi mzito, tukaumwagia maji, nikaukanda kwa miguu kutwa nzima, nikitoa kila kijiwe na kila kimzizi. Nilidhani tunafinyanga mitungi ya sokoni. Jioni bibi aliubonyeza kwa kidole gumba, akasema umeiva. Ukipikwa vizuri na miguu, alisema, udongo ule haupitishi hata jasho.

Baragumu lilipolia kesho yake, bibi alichukua jembe la babu. Mimi nilimfuata na kikapu cha udongo kichwani, shingo inaniuma. Tulipofika ndivani majembe yalinyamaza moja baada ya jingine. Mzee wa ndiva, yule aliyesimamia zamu, hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia bibi kwa heshima, akamwomba arudi nyumbani angoje mwanawe.

Bibi akamjibu, "Mwanangu akirudi atakuta mahindi yamekufa. Kila nyumba inatoa mtu. Mtu wa nyumba yangu ni mimi."

Hakuinua sauti. Mzee akampimia hatua tatu za ukuta, kule mwisho palipobomoka zaidi. Akamwambia mbele ya wote kwamba pakivuja, asije tena kudai maji. Bibi akavua kanga ya bega, akajifunga kiunoni, akaanza.

Wanaume walijaza mawe na mchanga wa pale pale, kama walivyofanya siku zote. Bibi alipanga udongo wake tabaka kwa tabaka, akiupigapiga kwa lile jiwe laini la kulainishia vyungu. Jirani yetu mmoja akauliza kwa sauti kama mama huyu anajenga ukuta au anafinyanga chungu cha kutupikia sisi sote. Wakacheka. Mimi nilitaka kulia, bibi akaniagiza kikapu kingine. Nilikwenda machimboni na kurudi mara tisa, na mpaka leo nikijivunia kitu katika maisha yangu, naanza na zile safari tisa.

Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa ndivani. Maji yalikuwa yamefika ukingoni. Upande wa wanaume yalikuwa yanachuruzika sehemu tatu, kama kawaida. Hatua tatu za bibi zilikuwa kavu. Mzee wa ndiva alipitisha kiganja, akakitazama, akapitisha tena, halafu akamuuliza bibi udongo ule ameutoa wapi.

"Mahali ambapo nyinyi hamruhusiwi kukanyaga," bibi akasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee mwenyewe. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akatangaza kwamba kuanzia siku ile udongo wa ndiva utaletwa na wanawake, na watakaoupaka ni hao hao wanaoujua. Zamu ya asubuhi ile akampa bibi. Bibi akanisukuma mbele, akaniambia nichomoe gogo mimi, ili watu wazoee kumwona mtoto wa kike pale. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, maji yakatoka yakinguruma, yakanilowesha mpaka kifuani. Tulivuna mahindi mwaka ule. Ukuta ule haukuvuja tena utoto wangu wote.

Miaka miwili kabla bomba letu hapa halijapasuka, nilikwenda nyumbani kumzika shangazi. Ndiva imejaa matete. Baragumu hakuna anayejua liliko, na vyungu vimeshindwa na sufuria. Kila ua una bomba lake, jambo jema, ingawa hakuna tena asubuhi ya kukutana wote mahali pamoja. Niliwakuta mabinti wa ukoo wetu wakichota maji huku wanasikiliza muziki kwenye simu. Nikawauliza kama wamewahi kusikia kwamba zamani mwanamke alikatazwa kukanyaga mahali maji ya kijiji hiki yanapoanzia. Walitazamana, wakadhani nawatania. Mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, ni nani angeweza kukataza jambo kama hilo.

Machozi yalinitoka kwa furaha. Bibi yangu alishinda kiasi kwamba hakuna hata mmoja anayejua kwamba alipigana.