Ukurasa wa Tisini na Mbili

Marlys alikataa katakata kusaini nakala za kitabu chake kwenye maktaba. Alikuwa ameandika kumhusu mumewe, Orrin, aliyezama akivua juu ya ziwa lililoganda, barafu ilipovunjika, na waliomjua Orrin hawaujui mlango wa maktaba. Basi akaweka meza kwenye duka la chambo, wanakonunua wavuvi.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Duane, aliyekuwa akivua na Orrin. Tangu msiba, miaka sita, hajatupa ndoano. Akafungua ukurasa wa tisini na mbili.

"Hapa umeandika, 'mtu mmoja alimwambia barafu imeganda sawasawa, aende tu.' Acha kunisitiri, shemeji. Andika jina langu. Ni mimi niliyemwambia."

Marlys akaiweka kalamu chini.

"Hata mimi nilimwambia, Duane. Niliyemsitiri hapo ni mimi mwenyewe."