Kaseti Iliyosahaulika Kwenye Redio ya Posa

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ofisi zinafunguliwa hata kwenye nyumba zisizopigwa lipu, na Babati imejaa watumishi kutoka mikoa mingine. Mmoja wao, kijana wa pwani, alinipenda. Nami nilimpenda, tena sana, sioni haya kusema. Kilichobaki ni baba yangu kukubali, na baba alikuwa mkulima wa mahindi na maharage kule Bonga, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo.

Kwetu kwenye posa mchumba hasemi. Akishatoa shikamoo anakaa, anatazama viatu vyake, mshenga anamsemea. Mshenga wetu, mfanyakazi mwenzake, aliongea vizuri, kisha akamkabidhi baba zawadi: redio ya kaseti. Ilikuwa ya mchumba mwenyewe, kaifuta vumbi vizuri. Kaseti hakuitoa. Baba akabonyeza, rege ikajaa sebule nzima.

"Anaimba nini huyu?" baba akauliza.

"Ni wimbo wa dini, mzee," mshenga akadakia. Mtu mzima ovyo!

Baba akamgeukia mchumba. "Kaseti ni yako. Nieleze wewe."

Basi mchumba, ambaye hakutakiwa hata kukohoa, akatafsiri. "Anasifu bangi, mzee. Anasema inamtuliza, inamsogeza karibu na Mungu."

Mama akaweka birika chini. Mimi nilikuwa pale mlangoni, nasikia yote.

"Analima mwenyewe?"

"Hasemi."

"Palizi je?"

"Palizi hajaitaja."

"Huyo si mkulima," baba akasema. "Endelea."

"Anasifu kisiwa chao. Bahari, jua, samaki wa kuchoma, watu hawana haraka. Yeye yuko ugenini kwenye baridi. Anataka kurudi."

"Na wewe unavuta?"

"Hapana, mzee. Nina pumu."

"Sasa unasikiliza nini humo?"

"Hapo pa kurudi."

Jamani, nilijua tumekwisha. Bangi ya mtu wa mbali baba angeivumilia. Mtu aliyekaa Babati huku roho yake iko stendi, hapana.

"Kwa hiyo ukipata uhamisho unaondoka."

"Naondoka, mzee."

Mshenga akashika kichwa.

"Basi simtoi," baba akasema. "Mwanangu hawezi kwenda kulia peke yake huko asikojua mtu."

"Mimi nataka kwenda!" Nilisikia sauti yangu kabla sijajua nimefungua mdomo. "Baba, hata huyu asingekuja, ningeondoka."

Hakuna binti aliyewahi kusema katikati ya posa nyumbani kwetu. Baba akazima redio. Akanitazama mpaka macho yake yakawa mekundu.

"Kumbe wa kuondoka ni wewe," akasema.

Nikalia, wala hakuninyamazisha. Kisha akamgeukia mchumba, akamwuliza kama huko kwao mahindi yanakubali.